Ukuta wa shia uko sambamba na joisti, juu yake ni hewa tupu, inspekta kanikatalia. Nifanyeje?

FundiKent

Wakuu heshima kwenu, wazee wa humu shikamooni. Mi ni fundi fremu huku Kent, jimbo la Washington, mwaka wa sita sasa napiga nyumba za mbao, ila kabla ya hapo nilikuwa Mbagala kwenye zege na tofali kwa hiyo mambo mengi ya mbao nayajua kwa mkono tu, kichwani hayajakaa vizuri, mnivumilie nikiuliza swali la kitoto.

Stori iko hivi. Tuna nyumba ya ghorofa moja, joisti (mbao zinazobeba sakafu) za juu ni zile za umbo la I, kimo inchi 11 na 7/8, zimepangwa kila inchi 16. Chini katikati ya nyumba kuna ukuta wa shia wa futi 12, ule wa kuzuia nyumba isiyumbe kwenye tetemeko na upepo, umevikwa OSB (shiti za vipande vya mbao vilivyogundishwa) upande mmoja, misumari ya saizi 8d kila inchi 4 kwenye kingo za shiti, holdidauni (vyuma vya kushika ncha za ukuta) mbili huku na huku, bolti za chini zote zipo na nati zimekazwa. Nimeupiga mwenyewe kwa mkono wangu na nimepima nafasi ya kila msumari, yani ukiuona unasema huu hata lori likiugonga lori ndo litaumia.

Inspekta kaja, kauangalia, kaupenda kabisa. Halafu kapanda ngazi, kapitisha mkono juu ya top pleti (ubao wa juu kabisa wa ukuta) kati ya joisti mbili, akawa anautembeza hivi huku na huku kama mtu anatafuta funguo gizani, haugusi kitu. Kaniuliza, hapa nini kinashika nini? Nikakosa jibu, kwa sababu kweli joisti zinakwenda sambamba na ukuta na ukuta umeangukia katikati ya joisti mbili, juu ya pleti ni uwazi mpaka kwenye plaiwudi ya sakafu. Kakataa kusaini, kaandika kwamba nguvu za sakafu hazina njia ya kufika ukutani.

Foromani wangu anasema weka bloki mbili tatu katikati ya joisti, piga misumari ya mshazari, mwite tena. Nimeangalia michoro, kuna mchoro mdogo wa kiungo hicho lakini umechorwa kwa joisti zinazokatiza ukuta, sio zinazokwenda nao sambamba kama kwangu. Sasa naomba kueleweshwa, kama holdidauni zipo na bolti zipo na misumari yote ipo, hicho kinachokosekana ni kitu gani hasa? Na bloki mbili tatu zinatosha au foromani ananipoteza?

mzee_wa_randa

Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa usiweke hata bloki moja kabla injinia wa mradi hajakuandikia cha kufanya, maana ukishaweka cha kwako kikakataliwa utakitoa kwa msumeno na utaharibu vilivyo vizuri. Piga picha nne, moja na futi kamba ikionyesha huo uwazi, mtumie leo leo. Huo mchoro kuchorwa kwa joisti za upande mwingine ni mambo ya kila siku, si kosa lako.

Kuhusu kitu gani kinakosekana nikuulize hivi, umewahi kulala kitanda cha chaga ambacho chaga zimelazwa tu hazijapigiliwa? Ukijigeuza usiku fremu inakwenda upande, chaga zinabaki pale pale, moja inadondoka saa nane za usiku unaamsha nyumba nzima. Ukiiangalia chaga nzima, ukiiangalia fremu nzima, ila haya mawili hayajuani. Sakafu yako ndo chaga na ukuta wako ndo fremu. Holdidauni utaweka hata kumi, chaga itateleza tu.

Wataalamu wa hesabu waje waseme namba.

BintiHesabu

Nimeitwa 😄 Kaka FundiKent, swali sio la kitoto, mi kazi yangu ndo hizi nyumba na nakwambia pale pale alipopitisha mkono yule inspekta ndipo michoro mingi inapovuja. Watu tunakokotoa ukuta vizuri, tunakokotoa sakafu vizuri, katikati tunasahau.

Wewe umefanya zege Mbagala kwa hiyo nitasema kwa zege. Unaukumbuka ule mstari wa kupokezana karai? Mmoja anachota, anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu mpaka juu kwenye slabu. Akitoka mtu mmoja katikati ya mstari, wa nyuma yake anabaki kalishika karai na wa mbele yake amesimama mikono mitupu, hata kama wote wana nguvu za simba. Nguvu ya tetemeko nayo inapokezanwa hivyo hivyo. Ardhi inasogea, sakafu ya juu kwa uzito wake inataka kubaki ilipokuwa, kwa hiyo nguvu inazaliwa kule juu kwenye sakafu. Plaiwudi inaichukua, inampa ubao ulio chini yake kwa misumari ya sakafu, ubao unampa top pleti kwa klipu (vibati vya chuma vya kuunganisha), top pleti inaipa OSB kwa misumari ya kingo, OSB inaishusha mpaka pleti ya chini, pleti inampa bolti, bolti anaimwaga kwenye zege la msingi. Kwako aliyetoka kwenye mstari ni huyo ubao wa chini ya plaiwudi. Na holdidauni kazi yake ni nyingine, inazuia ncha ya ukuta isinyanyuke pale ukuta unapotaka kupinduka. Kwa sasa hivi holdidauni zako zimekaa bure kabisa, nguvu yenyewe haijafika ukutani, zitazuia nini?

Ukija kutoka kwenye zege hili jambo linakupita kirahisi kwa sababu slabu inamwagwa pamoja na biimu zake, nondo zimepita humo humo, kupokezana kunafanyika chenyewe bila wewe kufikiria. Kwenye mbao hakuna kinachoshikana chenyewe. Kila kiungo ni mtu amekaa akasema hapa msumari gani, wangapi, kila inchi ngapi.

Sasa namba. Mradi wako siujui kwa hiyo hizi ni za mfano, usizipeleke saiti. Tuseme mstari wa ukuta huo unapokea paundi 4,320, na upana wa sakafu kwenye mstari huo ni futi 24. Sakafu inagawa nguvu yake kwa urefu wote, 4,320 kwa 24 ni paundi 180 kila futi. Ukuta wenyewe ni futi 12 tu, kwa hiyo ndani ya ukuta inakuwa paundi 360 kila futi. OSB ya inchi 15/32 na 8d kila inchi 4 inabeba 380 kwa tetemeko, misumari kila inchi 6 ingekuwa 260, kwa hiyo mtu wenu aliyesema inchi 4 huenda alipiga hesabu ya namna hiyo. Ukuta uko salama.

Lakini angalia, zile futi 12 nyingine za mstari ambazo hazina ukuta chini yake, nguvu yake haipotei, 180 mara 12 ni paundi 2,160 na zote lazima zivutwe mpaka kwenye ncha ya ukuta. Zinavutwa na nini? Na ubao mmoja mrefu ulionyooka na ukuta, unaokusanya njia nzima na kuburuta mzigo mpaka ukutani. Sisi tunauita kolekta. Wewe huna ukuta ulioshikana na sakafu NA huna kolekta, ni matatizo mawili sio moja, na bloki mbili tatu za foromani hazigusi hata hilo la pili.

FundiKent

Dada hapo kwenye karai umenimaliza, nimeelewa kwa mara ya kwanza tangu nije huku. Ila kwa nini bloki hazifai? Nikiweka bloki nyingi, tuseme kila inchi 16 juu ya ukuta wote, plaiwudi inapigiliwa kwenye bloki, bloki inashikwa na pleti, karai si limepita?

BintiHesabu

Linapita kwa kuchechemea. Fikiria bloki imelala vipi. Joisti zako zinakwenda na ukuta, kwa hiyo bloki ya kuunga joisti moja na nyingine inaukatiza ukuta. Nguvu inakwenda kwa urefu wa ukuta, maana yake inaisukuma bloki ubavuni, juu inasukumwa mbele na chini inashikiliwa nyuma. Ubao wa kimo cha karibu inchi 12 uliosimama kwa ukingo wa inchi moja na nusu, ukiusukuma ubavuni juu unafanya nini? Unapinduka kama kitabu kilichosimamishwa mezani. Kinachozuia usipinduke ni misumari ya ncha zake mbili kwenye joisti, na joisti za I tumbo lake ni jembamba, OSB ya kama inchi 3/8, humo msumari hauna cha kushika mpaka ujaze mbao ubavuni mwake. Inawezekana, kuna watu wanafanya kwa nguvu ndogo, lakini ni kazi nyingi kwa faida kidogo.

Kinachotakiwa ni ubao unaolala KWA UREFU wa ukuta, juu yake moja kwa moja, kimo kamili kutoka pleti mpaka plaiwudi. Ukisukumwa kwa urefu wake haupinduki, uende wapi? LVL (ubao wa kiwandani wa tabaka za mbao zilizogundishwa) ya inchi 1 na 3/4 kwa 11 na 7/8 ndo inakaa pale kama ilizaliwa pale. Plaiwudi inapigiliwa ndani yake kutoka juu, chini inashikwa na top pleti kwa klipu za chuma, na ubao huo huo unaendelea mpaka mwisho wa zile futi 24 unakuwa kolekta yako. Jiwe moja, ndege wawili 😂

Na hiyo misumari ya mshazari foromani aisahau. Kitabu cha SDPWS cha American Wood Council, ambacho ndo tunakitumia wote kwa mambo ya upepo na tetemeko kwenye mbao, kinasema kwenye maeneo ya tetemeko ya daraja D, E na F misumari ya mshazari haihesabiwi pale nguvu inayopita kutoka sakafuni kwenda ukutani inapozidi paundi 150 kila futi. Na huko kwenu ukanda wa Seattle nyumba nyingi zinaangukia D. Kwenye mfano wetu pale juu ya ukuta ni 360. Kwa hiyo sio suala la kuongeza misumari, aina yenyewe ya kiungo haikubaliki hapo.

Klipu ni zile A35 au LTP4 za kampuni ya Simpson ambazo bila shaka unazijua kwa sura. Uwezo wake usome kwenye katalogi kwa aina ya mbao yenu, hem-fir ni laini kuliko Douglas fir na namba inashuka. Tukisema kwa mfano 600 kila moja, 4,320 ni klipu 8, ukiweka kila inchi 18 juu ya ukuta unapata 9. Na matundu yote yajazwe misumari inayotakiwa, nimewahi kwenda saiti nikakuta klipu zimeshikwa na misumari miwili miwili "ili zisidondoke", na fundi ananiangalia usoni.

wamunyota254

Sasa wasee, mimi niko Nakuru huku tunajenga na mawe na nimesoma hii thredi yote mdomo wazi. Hivi nyumba ya dola laki ngapi inashikwa na misumari na vibati?? Si mngetafuta tu stone na kolamu mkalala usingizi

mzee_wa_randa

@wamunyota254 karibu sana bwana. Mbao ni nyepesi na tetemeko linapiga kwa uzito, nyumba ikiwa nyepesi nguvu yenyewe inakuwa ndogo, na msumari ukipinda unakula ile nguvu kidogo kidogo, haukatiki ghafla kama jiwe lisilo na nondo. Ila ni kweli mbao isiposhikanishwa inaua vilevile. Northridge kule California, Januari 1994, kuna jengo la fleti za mbao chini lilikuwa na maegesho ya magari, kuta chache, ghorofa ya chini ikalala, wakafa watu 16 jengo moja tu. Tangu pale mambo mengi ya hizi nyumba yalibadilishwa.

KijanaBukoba

Naomba nichangie japo mi sio fundi. Tetemeko la Kagera, Septemba 10 mwaka 2016, lilikuwa 5.9, Jumamosi mchana, nilikuwa uani nafua. Ukuta wa pembetatu wa nyumba ya jirani, ule wa juu unaofuata mgongo wa paa, nauona mpaka leo ulivyotoka mzima mzima ukaangukia nje kwenye migomba, bati zikabaki juu zimekaa kama hakuna kilichotokea. Mbao za paa zilikuwa zimelala tu juu ya tofali, hamna mkanda wa renta, hamna waya, hamna chochote. Baadaye mafundi wanasema tofali zilikuwa mbovu, lakini nikisoma hapa naona hata zingekuwa nzuri, paa na ukuta havikuwa vinajuana kama alivyosema mzee wa chaga.

BintiHesabu

@KijanaBukoba pole sana, na umeona sawasawa kabisa. Ukuta wa pembetatu ukisukumwa ubavuni hauna mtu wa kuushika juu zaidi ya paa, na paa haliwezi kushika kitu ambacho halijafungwa nacho. Mkanda wa renta uliozunguka nyumba yote na mbao ya paa iliyofungwa kwa nondo kutoka ndani ya mkanda ni karai lile lile, vifaa tu tofauti.

mzee_wa_randa

Kwa kuwa tupo hapo hapo niongeze la kwangu ambalo halipo kwenye swali lakini ndo limenitia aibu maishani, huenda na ghorofa yako ya juu inalo. Sote tunaangalia juu ya ukuta, hakuna anayeangalia chini ya ukuta wa ghorofa ya juu.

Miaka ya nyuma nikiwa kwenye kampuni fulani huku Oregon nilikuwa na kasi sana na bunduki ya misumari, kijana, najisifu. Tumesimamisha kuta za nje za ghorofani, nimepiga pleti ya chini misumari kila inchi 4 kama mchoro unavyotaka. Injinia kaja, mama mtu mzima hivi, hakuangalia juu kabisa. Kashuka chini, kaweka ngazi, kawasha tochi akamulika upande wa ndani wa rimu joisti, ule ubao unaozunguka ukingo wa sakafu. Kaniita, panda uone. Nimepanda nikaona misumari inang'aa, mstari mzima, kama meno ya samaki, yote imetokea PEMBENI mwa rimu. Imetoboa pleti, imetoboa plaiwudi ya sakafu, imetokea hewani. Futi 20 za ukuta zimeshikwa na plaiwudi peke yake.

Ukifikiria ni rahisi sana kukosea. Pleti ina upana wa inchi 5 na nusu, rimu ina inchi moja na robo hivi na iko kwenye ukingo wa nje kabisa. Mtu anayepiga bunduki amesimama ndani, anapiga katikati ya pleti kwa sababu ndo panapopigika vizuri. Kuanzia siku ile napiga mstari wa chaki juu ya pleti nikionyesha rimu iko wapi, na kijana yeyote akipiga nje ya chaki namshusha chini akamulike mwenyewe kwa tochi.

BintiHesabu

Mzee hapo umegusa donda langu, na hata msumari ukiingia ndani ya rimu bado urefu wake una neno. Hebu pima msumari wa bunduki wa inchi 3, ule wa unene 0.131, ambao ndo umejaa kila saiti. Pleti inakula inchi 1.5, plaiwudi ya sakafu ya 23/32 inakula 0.72 hivi. Ndani ya rimu inabaki 0.78. Kanuni inataka msumari uingie angalau mara 6 ya unene wake ndo uhesabiwe, ambayo ni 0.79. Umekosa kwa unywele, kwenye karatasi ni sifuri. Msumari wa inchi 3 na robo wa unene 0.148 unaingia inchi 1.03, unapita, lakini haujafika mara 10 kwa hiyo tunaukata uwezo, kwenye Douglas fir unabaki na kama paundi 131 badala ya 189. Kwa zile 360 za mfano wetu unahitaji karibu 3 kila futi, yani kila inchi 4. Ndo maana ukiona mchoro unasema msumari fulani na wewe una boksi la mwingine, usiseme misumari yote ni misumari. Piga simu.

mzee_wa_randa

Na presha ya kompresa jamani. Kichwa cha msumari kikizama ndani ya OSB kikapasua ngozi ya juu, hapo umebaki na shiti nyembamba zaidi ya uliyonunua. Kichwa kilale sawa na uso wa shiti, basi.

Halafu binti, kwa kuta za nje huwa tunapandisha shiti ya OSB ipite top pleti mpaka kwenye rimu na kuipigilia humo humo, zinauzwa shiti za futi 9 na inchi kidogo kwa kazi hiyo, unakuta karai limepita bila klipu hata moja. Huyu kijana hawezi kufanya hivyo kwa hiyo LVL yake?

BintiHesabu

Angeweza kama LVL ingekaa sawa kabisa na uso wa ukuta upande wenye OSB, na kama shiti zisingekuwa zimeshakatwa usawa wa pleti. Zimeshakatwa na kupigiliwa, tusimbomoe. Klipu zinatosha.

FundiKent

Wakuu narudi na majibu, samahani nimechelewa, wiki mbili zilikuwa ngumu.

Picha nilituma usiku ule ule kama mzee alivyosema. Injinia wa mradi kajibu siku ya tatu, hakubisha hata kidogo, katuma karatasi moja yenye mchoro mpya na saini. Karibu nicheke kwa sababu ni kama aliisoma thredi hii. LVL 1 na 3/4 juu ya ukuta wote, ikaendelea mpaka ukuta wa nje, vipande viwili kwa kuwa kipande kimoja cha futi 24 hakiingii tena nyumba ikishafungwa, pale vinapokutana mkanda wa chuma kila upande wenye misumari ya kuhesabu. Sakafu ipigiliwe kutoka juu 10d kila inchi 6. Klipu LTP4 kila inchi 16. Kaandika kwa herufi kubwa kabisa, misumari ya mshazari isihesabiwe. Foromani kasoma, kakunja, katia mfukoni, hakusema kitu.

Kuingiza ile LVL ndo kulikuwa na kesi. Kimo chake ni sawasawa na uwazi uliopo, kwa hiyo huwezi kuisimamisha, ukiizungusha kona inagota. Tumeishikilia watu watatu, nikaipunguza ukingo mmoja wa chini kwa randa kiasi cha robo inchi kwa mshazari, tukailaza ubavu, tukaizungusha kwa nyundo ya kilo nne huku na huku mpaka ikakaa, na ilipokaa ilitoa sauti moja tu, top, nikajua hapa pamebana. Kule juu sasa unapiga misumari kwenye ubao usiouona, mara ya kwanza nilikosa mitatu mfululizo, unasikia kabisa bunduki inatoa mlio mwepesi wa msumari uliopita kwenye hewa. Nikakumbuka meno ya samaki ya mzee, nikatoboa tundu dogo kila ncha kutoka chini, nikavuta chaki juu kutoka tundu mpaka tundu. Baada ya hapo hakuna uliokosa, nimepanda na tochi nimehakikisha.

Inspekta karudi juzi. Kapanda ngazi ile ile, kapitisha mkono pale pale, safari hii ukagota. Kahesabu klipu moja moja kwa kidole, kasaini, kashuka.

Nikadhani yameisha. Leo asubuhi nafika saiti nakuta fundi bomba kashachora duara kwa penseli kwenye LVL yangu, inchi 4, ya bomba la choo cha juu, tena katikati kabisa ya ule mkanda wa chuma pale vipande viwili vinapokutana, na msumeno wa duara kashauchomeka umeme. Nimemwomba anywe kahawa kwanza. Sasa hivi nimepaka rangi nyekundu urefu wote wa ubao nimeandika usitoboe, kwa Kiingereza na Kihispania, na nimemtumia injinia picha nyingine nne.

mzee_wa_randa

😂😂 Andika na namba yako ya simu hapo kwenye ubao. Kesho anakuja wa dakti za hewa.